Maji ya Kumpokea Bwana Harusi

"Utupacho kileleni, utakinywa bondeni." Ndivyo alivyowaambia Mama Mshana alipopita hapa barazani na kuona mabegi yenu ya safari yamevimba kama magunia ya mahindi. Mkacheka, kisha mkanigeukia mimi: Bibi, nani anakunywa kitu kilichotupwa? Basi kaeni. Msemo huu haukuja kutoka mbali. Ulianzia kijijini kwetu Kwasheni, siku dada yangu Naetwe alipokuwa akimpokea bwana harusi wake, nami nilikuwepo.

Mwaka ule mvua ilikuwa imeikata barabara ya kuzunguka mlima. Mtu wa Mrindi, ng'ambo ya mlima, aliyetaka kuja kwetu ilimbidi aupande mlima kwa miguu, alale juu, ashuke kesho yake. Zefania, mchumba wa dada, alikuwa mtu wa Mrindi. Alikuwa kijana mwema; nalisema hilo mapema msije mkamchukia. Alikuwa amefanya kazi kwenye kambi ya wapima ardhi, na kambi ilipovunjwa akaachiwa vitu: hema la turubai nene, viti vya kukunja, jiko la mafuta ya taa na dumu lake, vyakula vya kopo, na mkebe wa unga wa dawa ya wadudu, wa kuzungushia hema ili siafu wasiingie.

Wa kumsindikiza alikuwa dada yake, Nakijwa. Alipoona vitu vile vimepangwa uani alishika kiuno.

"Zefania, tunakwenda kuoa au tunahama?"

"Nataka wakwe waone nimekuja kama mtu."

"Mtu hubeba blanketi lake la sufu, kibuyu cha maji na viazi vya kuchemsha. Tutakachobeba tukile au tujifunike. Hiki kiti utakifanyia nini mlimani?"

"Nitakikalia," akasema Zefania, na wote wawili wakacheka. Nakijwa alimpenda kaka yake. Akajitwika nusu ya mzigo.

Kicheko kiliisha kabla ya adhuhuri. Kamba ziliwakata mabega, jiko likawa linamgonga Zefania mgongoni kila hatua, na Nakijwa akateleza kwenye jiwe akaumia goti. Walipofika juu mvua ikaanza. Turubai lilivuja, na lilinyonya maji mpaka asubuhi halikuweza kunyanyuliwa hata na watu wawili.

Ukungu ulikuwa umetanda kila upande. Zefania alizunguka akaona shimo katikati ya matete.

"Hapa hapana mtu," alisema.

Akaliburuta hema akalitumbukiza. Viti vikafuata, na jiko, na makopo, na dumu likiwa na mafuta ndani. Mwisho akautupa mkebe wa dawa, ambao mfuniko wake ulikuwa umelegea njiani. Nakijwa aliyaona yote. Hakusema neno, kwa sababu mabega yake nayo yalikuwa yakishukuru. Wakabaki na mablanketi na kibuyu, wakaanza kushuka.

Wasichokijua ni kwamba shimo lile lilikuwa jicho la chemchemi. Maji yake yalishuka upande wetu, yakaingia kwenye mfereji, yakamiminika ndivani. Ndiva ni bwawa la udongo tunamokusanya maji ya mlima. Humo tulichota ya kunywa, na humo tulifungulia ya kumwagilia mashamba. Goti la Nakijwa lilikuwa limevimba, wakalazimika kupumzika kwenye pango la wachungaji mpaka siku ya pili yake. Maji hayana goti. Yakawatangulia.

Kwetu bwana harusi hukaribishwa kwa maji yaliyochotwa saa ileile, na aliye mkubwa kuliko wote nyumbani huyaonja kwanza. Mkubwa wetu alikuwa Bibi Nasero, mama yake baba. Alikuwa ameona mengi, ila pua yake ilikuwa imeacha kunusa miaka mingi. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani, akiingojea heshima yake. Sisi wengine tulikuwa tukitumia maji ya mitungi, yaliyochotwa siku za nyuma.

Mara tukasikia wageni wamefika mtoni, mwanzo wa kijiji. Naetwe akakimbia ndivani na kibuyu. Moshi wa mafiga ulikuwa umefunika uwanja, vigelegele vimepamba moto, na yeye moyo ulikuwa unamdunda. Alichota, akaziba mdomo wa kibuyu kwa jani la mgomba, akarudi mbio. Hakunusa kitu.

Bibi akakipokea, akanywa mafunda makubwa makubwa, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Karibu, mjukuu wangu," akasema, akamkabidhi Zefania.

Zefania alikuwa amepiga magoti. Akakiinua kibuyu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa, nikauona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeitwa na marehemu. Alipiga funda moja, akalitema chini.

Vigelegele vikakatika. Kuyatema maji ya ukweni! Baba akainuka kitini.

"Baba," Zefania akasema, "maji haya yametoka wapi?"

"Ndivani. Yatoke wapi tena?"

"Na ndiva inapata maji wapi?"

Baba akanyoosha mkono mlimani. "Kule juu. Kwenye matete."

Kibuyu kikamponyoka kikapasuka. Harufu ya mafuta ya taa ikatupanda puani sote, na kabla hatujajua tuseme nini, mama yetu mdogo akatokea njia ya ndivani, anakimbia bila kanga kichwani.

"Vyura! Vyura wote wamegeuza matumbo juu! Na bata wamekufa!"

Hapo tukamsikia Bibi Nasero, taratibu tu, kama anayejisemea:

"Tumbo langu."

Akakaa chini pale pale, mate yakaanza kumtoka.

"Ni mimi," Zefania alisema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Nimetupa dawa ya wadudu mlimani, na mafuta. Mzigo ulinishinda. Bibi amekunywa sumu yangu."

"Nami nilimwona akitupa," Nakijwa akasema, "nikanyamaza."

Dada yangu Naetwe alitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyochota. Sitausahau mtazamo ule.

Wanaume walimlaza Bibi kwenye machela, wakamkimbiza zahanati. Zefania alishika mti wa mbele na hakukubali kupokewa njia nzima. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Nadhani angeshukuru kama wangempiga.

Bibi hakufa, ingawa mara mbili tulianza kulia. Mtamba wa jirani alikufa, na samaki wa mfereji, na nyuki waliokuja kunywa. Mfereji ukazibwa, ndiva ikakombwa tope kwa majembe, na wanawake wa Kwasheni wakawa wanafuata maji mbali, ndoo kichwani, huku maharage yakikauka shambani. Kila ndoo ilipopita mbele ya zahanati, Zefania, aliyekuwa akishinda nje ukutani, aliinamisha kichwa.

Siku Bibi alipopata nguvu ya kusema, alimwita ndani.

"Ulitupa nini na nini?"

"Hema, Bibi. Jiko. Mafuta, makopo, dawa. Na viti."

"Viti?" Bibi alijitahidi kuinua kichwa. "Ulipanda mlima na viti?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akakilaza tena kichwa.

"Mjukuu wangu, utupacho kileleni, utakinywa bondeni. Hiki chako nimekinywa mimi kwa niaba yako."

Zefania alilia pale kama mtoto. Alipotoka nje akamkuta Naetwe.

"Sijakukataa," dada alimwambia. "Ila sitakupokea mpaka vitu vile vishuke."

Zefania alipanda na Nakijwa, kila mmoja na blanketi la sufu, kibuyu na viazi kwenye kikapu cha ukindu. Watu waliowaona wakipita walisema walikwenda wepesi kama mbuzi. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Walilichana hema vipande ili libebeke, wakakikusanya kila kopo, na mkebe wa dawa wakaufunga ndani ya ngozi ili ukabidhiwe kwa bwana shamba.

Kijiji kizima tulisimama kando ya njia kuwatazama wakishuka. Hakukuwa na ngoma wala kigelegele. Zefania alikuwa ameinama chini ya ule uchafu, matope mpaka kifuani, haangalii mtu. Ndipo Naetwe alipotoka kati yetu, akapanda mpaka kwenye kona ya mwisho, akaweka bega lake chini ya mzigo na kumpokea nusu.

Mama akashusha pumzi. Nyuma yangu kuna mtu aliurudia ule msemo wa Bibi, kwa sauti ndogo, na kabla hawajafika chini ulikuwa umeshapita kinywa hadi kinywa njia nzima: Utupacho kileleni, utakinywa bondeni.