Ukoko wa Wakwe wa Sultani

Hapo zamani, wapishi walipokuwa hawajajua kuringa, alikuwako Sultani Badru aliyekosa usingizi kwa ajili ya chakula ambacho hata hakijapikwa. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kula kwake kwa mara ya kwanza, naye hakujua awaandalie nini. Asubuhi aliagiza biriani; adhuhuri akaifuta, akataka pweza wa nazi; alasiri akashika kichwa, huenda wakwe hawali pweza! Wapishi wakatoroka mmoja mmoja, na wa mwisho akarukia dirishani, upawa mkononi.

Basi habari zikafika barazani kwa Vuai, fukara asiyekuwa na kitu ila mke mjamzito na mdomo usiofungika. Vuai akacheka, akasema, "Shida iko wapi? Si awape wanachokitaka!" Hajamaliza kucheka, maneno yamekwisha kufika kwa Sultani, naye akaitwa.

"Ewe Vuai," akanena Sultani, "utawapikia wewe. Utawapa wanachokitaka, lakini kuwauliza ni mwiko, maana anayemwuliza mgeni atakula nini ni bahili. Akibakiza mmoja wao hata tonge, utauhama mji huu siku iyo hiyo, wewe na mkeo."

Vuai akakumbuka nyumbani kwake. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, hata kufika kisimani kulimshinda, sembuse kuhama mji.

"Seyyid," akauliza, "kwani wao wenyewe hawatasema?"

"Mgeni wa mara ya kwanza huona haya. Akishaingia nyumbani mara nyingi ndipo huzoea, akasema mwenyewe."

"Nimesikia, Seyyid. Neno lako ndilo nitakalolifuata."

Siku ilipofika, Vuai akateleka chungu kimoja kikubwa cha wali wa nazi, wala hakupika kingine. Wakwe wakaingia, nguo zimenyooka, na mbele yao mama wa bwana harusi, Bi Raya, bibi mnene mwenye haiba.

"Karibuni chakula," akasema Vuai.

"Ahsante, msijisumbue, tumeshiba," akajibu Bi Raya. Nao walikuwa njiani tangu alfajiri, na tumbo lake likanguruma hata waziri akachungulia dirishani akidhani ni radi.

"Basi tunashukuru kwa kututembelea," akasema Vuai. Akawatoa kwa mlango wa uani, akawazungusha hadi mlango wa mbele, akawapokea upya. "Karibuni tena! Tuliwakumbuka mno!"

Wakasema wameshiba. Wakatolewa, wakaingizwa. Mara nyingine mkwe mmoja akavua kilemba kwa joto. Nyingine wakasahau kupiga hodi. Sultani akamkazia Vuai macho, mishipa ya shingo imemsimama, lakini kugomba mbele ya wakwe ni aibu. Ikawa huku wao wanalizunguka jumba, kule jikoni wali umesahauliwa motoni, unashika chini, na harufu yake inaenea.

Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi, lakini safari hiyo Bi Raya hakukaa sebuleni. Alipandisha kanga yake, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua chungu, akapiga ukelele.

"Ukoko! Nyie watu mna ukoko, mnatuzungusha juani?"

Wakwe wakamfuata mbio. Wakakizingira chungu, wakala wali wote, kisha wakabandua ukoko kwa kucha, wakanyang'anyana. Hakikubaki hata chembe.

Sultani akasimama mlangoni, ametoa macho.

"Na wewe mkwe, unangoja kukaribishwa nyumbani kwako?" akafoka Bi Raya, akamtia kipande kinywani.

Sultani akatafuna, machozi yakamlengalenga. "Tangu nikalie kiti hiki," akanena, "hapana aliyethubutu kuniletea ukoko." Akacheka hata kilemba kikamwangukia chunguni. "Ewe Vuai, umeshinda, nawe hutahama. Sema, wataka zawadi gani?"

Vuai akainamisha kichwa kwa haya. "Usijisumbue, Seyyid. Nimetosheka."

Kisha akatoka kwa mlango wa uani, akalizunguka jumba, akaingia kwa mlango wa mbele. Akatoka tena, akaingia. Safari ya tatu hakupiga hodi. Alikaa juu ya zulia la Sultani, akanyoosha miguu.

"Nataka ng'ombe wa maziwa," akasema, "wa Mwanakheri na mtoto. Yule mweupe, na ndama wake. Yule mkondefu simtaki."

Akapewa. Na mimi nimefika mwisho. Anayetaka zaidi na atoke, kisha aingie tena.