Begi Lililommeza Punda

Ndugu zangu, wenye watoto wanaocheza magemu kwenye simu msinyooshe mikono, nawajua. Na wengine ni nyinyi wenyewe mnaocheza, mnawasingizia watoto.

Basi alikuwepo baba mmoja, mkewe amefariki, anaishi ghorofa ya nne na binti yake mdogo. Jengo halina lifti, na maji yanaishia bombani kule chini. Jioni moja akamkuta binti amejikunyata kwenye kochi na simu. Ndani ya gemu kuna kijana mwembamba, begi dogo mgongoni. Anaokota panga, analitia begini. Anaokota ngao, anatia. Anakata mti mzima, anatia. Akamkuta punda, na punda naye akaingia humohumo! Na bado kijana anakimbia, anaruka kuta.

"Hilo begi wanashona wapi?" baba akauliza.

"Baba, ni gemu tu. Vitu havina uzito."

"Kwa hiyo halijai?"

"La huyu linajaa. Likijaa anagoma. Anakanyaga palepale mpaka utoe kitu."

Baba akacheka, lakini moyoni alimwonea wivu yule kijana. Maana tangu amzike mkewe alikuwa ameapa hatamsumbua mtu. Maji anapandisha mwenyewe, mkaa mwenyewe, mtungi wa gesi mwenyewe. Jirani wa chini, mwanamume wa mabega mapana, kila jioni alisimama mlangoni kwake na kumwambia, "Jirani, nikupokee." Naye kila jioni alijibu, "Usijali, nimezoea." Mnalijua jibu hilo? Nani hapa hajawahi kulitoa huku mishipa ya shingo imemtoka?

Ikafika siku ya kumtoa mama yake hospitali. Mama mzee, miguu haimbebi tena, na daktari ameonya kwamba akianguka mara nyingine hatanyanyuka. Baba akamshusha kwenye teksi, akamfunga mgongoni kwa khanga mbili. Mkono huu akashika kikapu cha dawa na chupa ya chai, mkono ule ndoo ya maji, ili asilazimike kushuka tena. Binti akafuata nyuma na blanketi.

"Jirani, nikupokee."

"Nimezoea."

"Hata ndoo?"

"Nimezoea, kaka."

Ghorofa ya kwanza akapita vizuri. Ya pili magoti yakaanza kucheza. Kabla ya kufika ya tatu akasimama. Mguu unainuka, unarudi palepale. Khanga inalegea na mama anateleza kidogo kidogo. Kuiweka ndoo chini hawezi, akiinama mama ataanguka kichwa chini. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, maana aliona kabisa jinsi atakavyomuua mama yake kwa sababu ya ndoo ya maji.

"Mwanangu," mama akamwambia sikioni, "tunapanda, au ndiyo tumehamia hapa?"

"Baba, umejaa!" binti akapiga kelele. "Toa kitu!"

"Nitoe nini? Nimtoe bibi yako?"

Kisha akafumba macho, akaita kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu msibani: "Jirani! Nipokee!"

Jirani alipanda ngazi mbilimbili. Akampokea mama, akamkumbatia kama mtoto mchanga, akampandisha mpaka juu na kumlaza kitandani. Baba akaja nyuma na ndoo yake, machozi yanamtoka. "Asante, kaka. Mungu akubariki. Nimekusumbua sana."

Jirani akakaa chini, anahema. "Asante ni yangu mimi," akasema. "Ule mwaka nilipovunjika mguu, marehemu mkeo alinipokea ndoo kila asubuhi mpaka nikapona. Nikajisemea, nikisimama sawasawa nitamshukuru. Nikasimama, yeye akalala. Asante yake ninayo mpaka leo. Kila jioni natoka nayo mlangoni, na wewe kila jioni unanirudisha nayo ndani. Leo umenitua, jirani."

Mmesikia, wapendwa? Sasa niambieni, kwenye ngazi zile ni nani aliyekuwa amebeba mzigo mzito zaidi?

Sisi mzigo tunaupokea, na zawadi nayo tunaipokea. Neno ni lilelile, tunalisema kila siku bila kulisikia. Yule kijana wa gemu ana kila kitu begini, mpaka punda, na hana hata mtu mmoja wa kumwambia asante. Namhurumia. Sisi Mungu alitupa mizigo yenye uzito, lakini akatupa na mabega ya watu, akayaweka palepale mlangoni tunapopita. Mimi namshukuru kwa mabega hayo. Namshukuru hata kwa magoti yanayogoma, maana bila hayo baadhi yetu tusingemwita mtu, wala tusingemwita Yeye. Tunapiga magoti mbele zake tukiwa na ndoo mkononi, tunamwambia, "Bwana, usijali, nimezoea."

Mwiteni. Mwambieni, "Nipokee."

Na leo tukitoka hapa, mtu akikwambia "nikupokee", mpe. Hata kama umeshika mwavuli tu, mpe. Hujui amekuja na asante ya nani.