Zimwi na Vitumbua vya Mashavu

Kwaru, kwaru, kwaru! Sikieni, wenzangu: usiku mwingi zimwi lilikwaruza mlango wa Mashavu, likaingia, likamnyakua mwanawe mchanga.

"Nipe kitumbua kitamu, ama nimle huyu!"

Biashara ya vitumbua ilikwisha kumfia Mashavu mara mbili. Kwanza alitia tui jioni, unga ukachacha kabla ya asubuhi. Kisha alimimina unga chuma cha kuchomea kikiwa bado baridi, vitumbua vikagandia. Usiku huo akakuna nazi papo hapo, akatia tui kwenye unga, akangoja chuma kipate moto sawasawa, ndipo akamimina.

Zimwi likala, likala, likala, likamrudisha mtoto.

"Nani kakufundisha, mama?"

"Vile vilivyoniharibikia, babu."

"Basi usiwaambie mazimwi wenzangu, watanimalizia!"

Mashavu akamkumbatia mwanawe. "Wallahi, simwambii mtu."