Viapo Vitatu na Paa la Bi Riziki

Hapo zamani, nawe usikilize kama hakimu, si kama shabiki, palikuwa na mji wa mapaa bapa na vichochoro vyembamba. Humo waliishi warukaji. Waliruka ukuta hadi ukuta, paa hadi paa, wala hawakukubali kuitwa wachezaji. Wao, walisema, walikuwa na falsafa.

Falsafa hiyo ilikuwa viapo vitatu: Sitaruka pengo nisilolipima. Sitaruka ili nitazamwe. Nguvu zangu ni za mwenye shida. Walivikariri kila alfajiri, kwa sauti, majirani wapende wasipende.

Magoti yalipomchosha mwalimu wao, Fundi Shomari, aliwatangazia wanafunzi wake watatu wakubwa: “Uwanja wa mazoezi nitamwachia mmoja: Kombo, Mshamu au Tatu. Wawili watakaobaki hawatafundisha tena mjini humu.”

Wiki hiyohiyo, adhuhuri, nyumba ya Bi Riziki, aliyepakana na uwanja huo, ikashika moto. Ngazi za ndani ziliteketea, bibi akakwama juu ya paa.

Kombo alifika wa kwanza kwenye paa la jirani. Akangoja kichochoro kijae watu, kisha akaruka bila kupima. Alimdaka bibi aliyekuwa tayari kujitupa chini. Kurudi naye mgongoni? Hilo hakuwa amelifikiria.

Mshamu, kule chini kichochoroni, alipima pengo kwa nyayo, akalichora kwa chaki chini, akaanza kuliruka mara thelathini, kama desturi yao ilivyotaka.

“We Mshamu, watu wanaungua!” umati ulipiga kelele.

“Niko kumi na saba! Msinipotezee hesabu!”

Alipotimiza thelathini alipanda, akaruka na blanketi lililoloa, akatua kimya kama paka. Blanketi hilo ndilo lililowakinga na ndimi za moto, ingawa mkono wa bibi ulikwisha kuungua.

Tatu, aliyehubiri miaka mitatu kwamba mrukaji huishinda hofu, alilitazama pengo, akarudi nyuma. Akakimbilia kwa wapaka chokaa, akaja na ngazi yao. Kombo, Mshamu na bibi wakashukia hapo.

Mbele ya Fundi, kila mmoja akadai.

“Bila mimi angejitupa,” alisema Kombo.

“Ulikuwa unapungia watu mkono, mwenzangu!” alisema Mshamu. “Mimi sikuvunja kiapo hata kimoja. Na bila blanketi mngekuwa majivu.”

“Bila ngazi mngekuwa majivu yaliyoloa,” alisema Tatu. “Mimi nilitumia busara.”

“Busara, au woga?” aliuliza Fundi.

Bi Riziki, mkono umefungwa kitambaa, akawatazama mmoja mmoja. “Mie nimeungua nikisikiliza mtu anahesabu. Mpeni mmtakaye. Ila alfajiri msiniamshe.”

Haya, hakimu. Mmoja aliokoa kwa majivuno, mmoja kwa ukaidi, mmoja kwa woga. Je, nani alistahili uwanja? Nawe unayetaka kujibu “hakuna”, nieleze kwanza: Bi Riziki yu hai kwa kazi ya nani?