Mtoto wa Mbao na Jina la Binti wa Hidaya

Haya, sogeeni. Mwenye simu aiweke mfukoni, mwenye degree aikalie kama mimi ninavyoikalia yangu. Kesi niliyowaletea haihitaji cheti, inahitaji akili, na hivyo ni vitu viwili tofauti, trust me.

Tanga walikuwapo mafundi wanawake watatu, wote wa Chama cha Watengeneza Bembea. Msicheke. Mimi nilicheka kabla yenu: chama cha bembea, ili wabembee wote? Nikadhani ni vile vyama vyetu vya fulana, chai na kugombea uenyekiti. Nilikosea. Leo nasema asante hadharani, na wanaonijua wanajua neno hilo silitoi ovyo.

Kidawa, seremala, kipaji chake kilikuwa jicho. Mwanamvua, katibu wa chama, kipaji chake kilikuwa neno "hapana". Asumini, mchomeleaji, kipaji chake kilikuwa mkono: akiunga chuma, utadhani kilizaliwa hivyo.

Tuanze na Kidawa. Chama kilikubaliana kwamba bembea au mtelezo wa mwanachama usitumike bila kupimwa. Upimwe na nini? Kidawa akasema atachonga mtoto. Akashika uzi, akapita mitaani akipima vichwa na viwiliwili vya watoto hamsini. By day three, mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba ni mchawi.

"Wewe mama, vichwa vya watoto wetu unavitakia nini?" wakamzonga gengeni.

"Nataka kuchonga wa kwangu."

Jibu baya kuliko yote duniani! Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemtoa hapo, kanga imechanika. Kesho yake akarudi na uzi wake. Akachonga mtoto wa mbao, kiwiliwili chembamba, kichwa cha duara. Sheria ya chama ikawa moja: kwenye mwanya wowote, kiwiliwili kikipita, kichwa nacho kipite. Kisipopita, mtoto wa kweli ataning'inia kwa shingo.

Mwanamvua naye. Alhamisi moja alimbeba yule mtoto wa mbao ubavuni hadi shule ya chekechea, ambako mtelezo mpya ulikuwa ufunguliwe Jumatatu. Fundi aliyeutengeneza ni Asumini, na Asumini ni wifi yake, mke wa kaka yake. Conflict of interest ya waziwazi. Wengine nchi hii huiita fursa. Mwanamvua akapanda juu, akapenyeza mtoto wa mbao, miguu mbele, kati ya nondo za uzio wa juu ya mtelezo. Kiwiliwili kikapita. Kichwa kikagoma.

"Mwanya mdogo hivyo!" akasema mwenye shule. "Kichwa cha mtoto hakipiti hapo hata kwa nyundo."

"Ndiyo hatari yenyewe, mwalimu. Hakipiti."

"Wifi, unaniaibisha mbele ya mteja," Asumini akanong'ona.

"Bora nikuaibishe leo, wifi yangu, kuliko tukutane msibani Jumatatu."

Kibao cha chama, kile cha kuonyesha kwamba mtelezo umepimwa ukapita, hakikufungwa. Kaka yake Mwanamvua alipopata habari, akamwambia dada yake asikanyage kwake tena.

Na Asumini? Huyu angeweza kuondoka zake. Mwenye shule alimwambia, "Achana na kibao chao. Watoto wanateleza, hawasomi vibao." Asumini akalia kidogo, akatukana kidogo, halafu akawasha grenda. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, alikata nondo zake mwenyewe moja moja, akazipanga upya karibu karibu, ukabaki mwanya wa mguu tu, kiwiliwili hakiingii.

"Fundi gani anabomoa kazi yake?" wapita njia wakamzomea.

"Fundi aliyekosea! Wewe yako utaibomoa lini?"

Jumatatu ikafika. Nassoro wa Hidaya, miaka minne, akapanda. Wenzake wakasukumana, akateleza miguu mbele katikati ya nondo. Hidaya alikuwa getini na mimba yake ya miezi tisa; ukelele alioupiga ulisikika sokoni. Miguu ya mtoto ikapita hadi mapajani. Makalio yakagoma. Akakaa pale juu analia kwa hasira, kiatu kimoja kimedondoka. Mwalimu akamvuta, na Hidaya akampapasa shingo polepole, kama anayetafuta ufa kwenye chungu. Hata mkwaruzo hakuna.

Alipoambiwa nondo zilivyokuwa Alhamisi, aliketi mchangani akaweka nadhiri: "Nikijifungua salama, mtoto huyu nitampa jina la aliyeniokolea Nassoro wangu."

Amejifungua binti. Kesho ni siku ya saba, ya kunyoa nywele na kutoa jina, na jina hakuna. Mumewe alishauri apewe yote matatu.

"Hayo majina ya fomu ya ajira," Hidaya akamkata. "Mimi nataka jina la kumwitia mtoto uji."

Wale watatu wameitwa, wameketi mkekani.

"Mpe la Asumini," alisema Mwanamvua. "Mimi nilisema hapana tu, na hapana haikati chuma."

"La kwangu? Mimi ndiye niliyeuchomelea ule mtego! Mpe la Kidawa. Bila mtoto wake wa mbao tungekuwa tunakisia kwa macho."

"Mtoto wangu wa mbao alikuwa kalala stoo," akasema Kidawa. "Bila Mwanamvua kumbeba, si angekuwa kuni? Halafu somo wa jina langu anayelia kama huyu kichanga, mimi wa nini?"

Wakacheka, hata wale mawifi wawili waliokuwa hawasemeshani. Hidaya hakucheka.

"Mnarushiana jina kama mpira," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimejaa shukrani hadi hapa kooni. Nipeni basi wa kumshukuru!"

Hapo ndipo nilipowaacha, nikaja kwenu. Asiyepima, hajui. Asiyekataa, anapitisha. Asiyerekebisha, anaua. Na wewe mjanja wa nyuma unayetaka kusema ni chama kilichomwokoa, nakubali, lakini binti wa watu aitwe Chama?

Wembe umeshanolewa na ubani umenunuliwa. Tuseme Hidaya amekupakatisha wewe huyo mtoto, akakutazama usoni akingoja. Utamwita nani?