Fundi wa Daraja Aliyekwenda Kununua Misumari

Aliyetunga methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" bila shaka alikuwa na kiatu kilichojificha chini ya kitanda, na mgongo uliokuwa hautaki kukunjwa. Maana yake ni kwamba anayekitamani kilichofichika hana budi kujishusha ili akifikie. Wengi hudhani yahusu vyeo na mali tu. Yahusu maneno ya vitabuni pia, kwani yako maneno yaliyojikunyata gizani mvunguni, yakimngoja mwenye magoti.

Palikuwa na karakana ya kushona mashati ambamo kazi haikwenda bila hadithi. Mafundi walikuwa wamekubaliana tangu zamani kwamba mmoja wao asishone, bali akae juu ya kiti kirefu cha mbao na kuwasomea wenzake kitabu. Baada ya chakula cha mchana, jua lilipenya kwenye madirisha ya juu, vyerehani vikanguruma kwa upole kama paka walioshiba, na vumbi la pamba likaelea hewani mithili ya usingizi unaotafuta jicho la kutua. Hapo ndipo kitabu kilipofunguliwa. Wasimulizi husema kwamba msomaji wa zamani alipowasomea habari za mvua, mafundi walirudi nyumbani chini ya jua kali wakiwa wamelowa chapachapa, na waume zao hawakuuliza kitu. Walikuwa wamekwisha kuzoea.

Macho ya mzee huyo yalipochoka, zamu ya kiti ilimwangukia mpiga pasi aliyeitwa Kinanda kwa utamu wa sauti yake. Akisema "habari za asubuhi" tu, mtu alitamani asubuhi isiishe. Tatizo lilikuwa moja. Kwenye cherehani cha kwanza, mbele kabisa ya kiti, aliketi mama mkwe wake. Na mkwe ni mkwe. Mbele yake hata kikohozi hukoholewa kwa adabu. Tangu harusi, mama huyo alikuwa akimwita "yule wa pasi". Siku Kinanda alipopanda kitini, alimwita "mwanangu" kwa mara ya kwanza, na Kinanda nusura aanguke na kiti chake.

Kwa hiyo aliapa moyoni kwamba neno "sijui" halitatoka kinywani mwake. Alipokutana na neno geni, alifanya kama afanyavyo mpiga pasi akikutana na kifungo: aliteleza kando yake, akapita, akaendelea na kitambaa.

Kitabu cha msimu huo kilihusu fundi wa daraja, mtu mpole aliyependwa na karakana nzima. Mafundi walimpenda kiasi cha kumbakizia chai. Alasiri moja Kinanda akafika mahali palipoandikwa: "Usiku ule mto ulifura ghadhabu, ukadai mahari yake. Fundi akaupa ulimwengu kisogo. Maji yakamtandikia kitanda kisichotanduliwa, na asubuhi jitimai ikaingia nyumbani kwake bila kubisha hodi."

Kinanda akairudia aya moyoni. Tangu lini mto ukadai mahari? Nani hulala kwenye kitanda cha maji? Na huyu Jitimai ni nani, anayeingia nyumba za watu bila hodi? Akamtazama mama mkwe kwa pembe ya jicho. Mama alikuwa anatunga uzi sindanoni, nyusi juu. Kinanda akaimeza aya yote kama dawa chungu, kisha akatamka kwa sauti ya asali:

"Asubuhi ile, fundi akaondoka kwenda mjini kununua misumari."

Mafundi wakaitikia kwa kichwa. Daraja lahitaji misumari.

Lakini uongo ni mgeni asiyeaga. Siku zilizofuata, kitabu hakikumtaja fundi tena. Mkewe alikaa dirishani bila kuwasha taa. Kinanda akasema anabana matumizi. Kisha mke huyo akauza nyundo na misumeno ya mumewe. Kinanda akasema mumewe analeta mipya. Kila alasiri misumari iliongezeka uzito.

"Misumari gani hiyo isiyokwisha kununuliwa?" akauliza Bi Mkasi, mkata vitambaa. "Anakwenda kupigilia mbingu?"

"Shoga, mwanamume akichelewa hivyo," akadakia mwenzake wa vifungo, "ujue huo msumari una jina, na umepangiwa nyumba."

Wakacheka, lakini kicheko chao hakikuwa na miguu. Hawakujua kama wamsubiri fundi au wamlilie, na mikono isiyojua hivyo haishoni sawasawa. Kola za mashati zikaanza kutoka zikitazama nyuma, kama mtu anayemngoja mwenzake njiani. Inasemekana mteja mmoja alivaa shati la namna hiyo akatembea kinyumenyume hadi nyumbani, akiwasalimu watu baada ya kuwapita.

Mwenye karakana akaja na furushi la mashati yaliyorudishwa, akalitupa mezani.

"Jamani, haya ni mashati au vitendawili? Kesho yakitoka hivi tena, kiti hicho nakipasua kuni, naweka redio. Na wewe Kinanda, pasi yako haijapoa."

Jioni ile Kinanda alikichezea chakula kwa kidole. Mkewe akamtazama.

"Si uulize tu maana yake?"

"Nimuulize nani, na mama yako amekaa pale mbele kama hakimu? Nikisema sijui, narudi kuwa yule wa pasi."

"Basi kaa na misumari yako," mkewe akasema, akaondoa sahani.

Kesho yake Kinanda akapanda kitini kama apandaye kwenye dari bovu. Akafungua kitabu. Kabla hajapata la kubuni, sauti yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kusoma: "Mke wa fundi akashuka mtoni na ua moja jeupe, akalitupa majini."

Cherehani cha kwanza kikanyamaza. Kisha cha pili. Ukimya ukatambaa kutoka meza hadi meza.

"Mkwe," mama akasema.

"Naam, mama."

"Mtu aliyekwenda kununua misumari hatupiwi ua mtoni. Umetuficha maiti?"

Kinanda akahisi karakana yote imejaa maji. Aliyaona mashati yakielea polepole kwenye kamba, mikono ikipunga. Aliwaona mafundi wamekaa chini kabisa ya mto, nywele zikiyumba kama nyasi, wote wamemwinulia nyuso wakingoja jibu. Naye peke yake alikuwa juu ya kiti, mkavu, asiyeona chochote kilicho chini.

Akashuka. Akapiga magoti sakafuni kati ya vipande vya nyuzi, akakiweka kitabu chini ya taa ndogo ya cherehani cha mama mkwe.

"Mama, sijui," akasema. "Kuna mahali niliparuka. Kuna neno silijui, na hata ninayoyajua yamekaa pamoja kwa namna nisiyoielewa."

Mama hakucheka. Alisogeza kitambaa kando kupisha kitabu. "Soma. Polepole."

Akasoma. Wakakusanyika, wengine na vipimio shingoni, wengine na pini midomoni.

"Mto unadai mahari?" Bi Mkasi akawaza. "Mdai mahari hutaka kitu kikubwa kabla hajatoa ruhusa. Umewaacha wajenge juu yake, sasa unataka malipo."

"Na kitanda kisichotanduliwa," akasema wa vifungo, akitoa pini mdomoni, "anayelala humo haamki. Angeamka wangekitandua."

"Ukimpa mtu kisogo, umemwacha," mwingine akaongeza kwa sauti ndogo. "Huyu kauacha ulimwengu wote. Masikini, fundi wetu."

Kisha Bi Mkasi akauliza, "Sasa huyu Jitimai ndiye nani?"

"Mimi nilidhani mwizi," Kinanda akakiri, nao wakacheka huku wakifuta macho.

"Labda wifi yake," akasema wa vifungo. "Mawifi ndio hawapigi hodi."

Kinanda hakuteleza tena. Alilirudia lililo nyuma ya neno, akalifuata lililo mbele yake, mistari ambayo nayo alikuwa ameiruka: "Jitimai ikaketi kwenye kiti cha fundi. Ikaipoza chai. Ikalala upande wake wa kitanda." Akaweka kidole juu ya neno.

"Si mtu," akasema hatimaye. "Ni kile kinachobaki nyumbani mtu akitoka asirudi. Ni huzuni, lakini nzito. Huzuni iliyokuja na mizigo yake, ikahamia."

Mama mkwe akaishika meza ya cherehani kwa mikono miwili.

"Ilihamia kwangu," akasema, "baba mkwe wako alipoondoka. Ilikaa miaka. Nilikuwa naipikia. Sikujua kumbe ina jina."

Akalitamka neno lile taratibu, kama anayeonja chumvi. Mafundi nao wakalitamka, mmoja baada ya mwingine, na karakana ikavuma kama mto uliotulia.

Mwenye karakana alikuwa ameingia na redio yake ndani ya boksi. Akataka kusema, akakosa pa kupenyezea. Mwishowe aliliweka boksi sakafuni, akalikalia, akasikiliza hadi fundi wa daraja alipozikwa kwa maneno yote aliyostahili. Alipoondoka, alilibeba boksi bila kulifungua.

"Kesho usipande kule juu," mama mkwe akamwambia Kinanda. "Soma hapa hapa, tuone wote."

Kiti kirefu kikageuka mahali pa kuwekea mashati yaliyokamilika. Ya siku ile yalishonwa sawa, kola mbele, vifungo mahali pake. Ila watu walioyavaa, hadithi inasema, hupunguza mwendo wafikapo darajani, wakayatazama maji kidogo bila kujua kwa nini. Na Kinanda, ambaye neno moja lilimshinda akiwa juu ya kiti, akalipata akiwa amepiga magoti, alithibitisha kwamba hakika mtaka cha mvunguni sharti ainame.