Sauti ya Tano Kwayani

“Asikiaye peke yake, asiachwe peke yake.” Mmemsikia mama mchungaji akiisema, sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilitoka humu humu kwayani, na aliyekosea ni mimi mwalimu wenu. Kaeni niwaambie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wambea.

Tulikuwa na kijana wa besi, Elifuraha, yuko kidato cha tatu. Besi yake, ya chini kabisa kati ya sauti zetu nne, ilitikisa mabenchi. Zimebaki wiki tatu twende kwenye mashindano ya jimbo, akakatiza wimbo katikati ya mazoezi, akaniuliza, “Mwalimu, nani huyo anaimba sauti ya tano? Ananitukana.” Kwaya nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Hata leo naona haya.

Tangu siku hiyo akawa halali, wala hagusi chakula ambacho hakukiona kikipikwa. Majirani wakasema karogwa. Wengine wakasema ni bangi, na kijana wa watu hata sigara hajui.

Mama yake, Nakiete, akanijia nyumbani. “Mwalimu, kesho nampeleka hospitali ya wilaya. Nakuomba twende wote, wewe anakusikiliza.”

“Mama Elifuraha, si usubiri mashindano yapite? Ni wiki mbili tu. Tena ukimpeleka kule, watu watamwita kichaa.”

“Mdogo wangu Eliapenda alipoanza kusikia sauti hivi hivi, tulisubiri mavuno yaishe. Tukasubiri na harusi ya dada yetu ipite. Tulipokuja kumpeleka, alikuwa amesahau hata majina yetu. Si unamwona anavyozurura kila siku pale sokoni? Huyu ni mwanangu, mwalimu. Mimi sisubiri tena!”

Asubuhi tukaenda wote watatu.

Muuguzi hakumkemea wala hakumtafutia pepo. Alimuuliza taratibu, “Hiyo sauti, kuna mwingine anayeisikia?”

“Hapana, ni mimi tu.”

Akatugeukia sisi. “Mmemleta mapema, vizuri sana. Atakuja kila wiki tuzungumze naye, na dawa tutaangalia anavyoendelea. Lakini kama anasikia peke yake, basi msimwache peke yake.”

Neno hilo nikalipeleka kwayani. Wale wale waliocheka wakapangiana zamu: huyu amsindikize kliniki, huyu ale naye, huyu asome naye. Mashindanoni tulikwenda bila yeye, tukawa wa mwisho. Wa mwisho kabisa, jamani! Lakini Elifuraha alimaliza kidato cha nne pamoja na wenzake, na leo ni fundi umeme, ana mke na watoto wawili. Mwenyewe kaniruhusu niisimulie.

Juzi nilimuuliza kama ile sauti iliisha.

“Siku moja moja inarudi, mwalimu, nikichoka sana. Nikiisikia tu, namwambia mke wangu, tunakwenda wote kliniki.”

Haya, simameni tuimbe. Na mkimwona mwenzenu anasikiliza tusichokisikia, msicheke kama nilivyocheka mimi. Asikiaye peke yake, asiachwe peke yake.